Adhabu ya kifo: Yuko wapi walii wa damu?

MWANAFUNZI wangu mmoja wa kidato cha nne, hapa Wete, aliniuliza darasani swali ambalo nilidhani jibu lake ninalo mfukoni. "Ustadhi, hawa wanaopinga adhabu ya kifo si wanaipinga Qur'ani?" Nikamjibu ndiyo, qisas imo katika Suratul Baqara, aya ya 178, tukaendelea na somo. Usiku nilipoifungua tena aya ile, sikuridhika na jibu langu.

Aya haikuishia kwenye kisasi. Inamtaja pia muuaji aliyesamehewa na ndugu yake. Yaani mwenye kudai damu bado anaitwa ndugu wa aliyemwaga damu! Kisha inazungumzia malipo kwa wema. Suratul Israa, aya ya 33, inampa madaraka walii wa aliyeuawa, na papo hapo inamkataza kupindukia. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kuwa kila kesi ya qisas iliyofikishwa kwa Mtume (s.a.w.), yeye alihimiza msamaha.

Sasa ndugu msomaji, tuitazame sheria ya nchi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara, tuliyoirithi kwa Mwingereza, kilimfunga jaji mikono: akishamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, hukumu ni kunyongwa, ukiacha mja mzito na aliye chini ya miaka 18. Mama wa marehemu huitwa kama shahidi, akimaliza huambiwa ashuke. Akisema amesamehe, hapana pa kuuandika msamaha wake. Na kwetu Visiwani, Mahakama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka na mirathi. Kesi za damu haziifikii.

Basi anayesema sheria hii ni ya Kiislamu kwa sababu tu inaua, aniwie radhi.

Tena haiui. Tangu mwaka 1994 hajanyongwa mtu Tanzania. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kuwa hatosaini hati za kunyonga. Wapo wanaoiita hiyo rehema. Lakini hukumu haikufutwa. Mtu anaamka kila siku na kitanzi shingoni, haambiwi atakufa wala ataishi. (Huku jela tunaiita Chuo cha Mafunzo. Huyu anafunzwa nini, na akahitimu wapi?)

Utanijibu kuwa katika fiqhi pia muuaji husubiri. Kweli. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mrithi wa damu akiwa mtoto, muuaji hufungwa mpaka mtoto abaleghe. Lakini pale anasubiriwa mtu mwenye haki ya kusema neno. Hapa anasubiriwa nani?

Liko na jambo la shaka, ambayo mafaqihi wameifanya sababu ya kuzuia hadd. Sisi Wapemba tusisahau upesi. Wanachama 18 wa CUF, akiwemo Machano Khamis Ali, walishitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, baadhi yao wakiwa ndani tangu 1997. Waliachiwa Novemba 2000, na Mahakama ya Rufani ikaeleza kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwani si dola kamili. Shingo 18, kwa kosa ambalo halikuwepo!

Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunavunja haki ya uhai, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Majaji wale hawakutoa hoja kwa fiqhi, lakini sikuona Mwislamu ana sababu gani ya kuudhika.

Jumatatu nilimwita yule kijana nikamwambia jibu langu lilikuwa pungufu. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na walii akikataa kusamehe?"

Nikamwambia hiyo ni haki yake, na hapo ndipo mimi na wanaotaka adhabu hii ifutwe kabisa tunapoachana njia.