Kupokea Nako ni Moyo



Padre ametuomba tuandike neno la kutuingiza katika Kwaresima, nasi tumeona vema tuanzie nyuma kidogo, penye Krismasi, maana yako mambo ya Krismasi ambayo wengi wetu hatujayamaliza. Someni kwanza Injili ya Yohana, mlango wa kwanza, aya ya 11 hadi ya 13. Mwinjili anatueleza jambo la kusikitisha: Bwana alifika nyumbani mwake mwenyewe, na wenye nyumba hawakumkaribisha, bali wote waliomkaribisha walijaliwa kuwa wana wa Mungu. Neno letu la leo ni hilo, kupokea.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kila mwaka wakati wa mavuno twahubiriwa methali hiyo, na ni ya kweli. Lakini habari za kupokea hazihubiriwi sana. Twadhani kupokea ni kazi nyepesi, ya kunyosha mikono tu. Sisi mwalimu wenu mstaafu tulidhani hivyo hivyo, mpaka Krismasi iliyopita tulipoletewa vitabu vitatu vya gofu.

Naam, gofu: mchezo ule wa kupiga kimpira cheupe kwa fimbo na kukifuata hata kiingie shimoni, mashimo 18, na mshindi ni yule aliyepiga mara chache kuliko wenzake. Wengi wenu mmeuona kwa mbali. Sisi tuliujua kwa mabega. Tulipokuwa wadogo, mjini tulikokulia, kila Jumamosi tulikuwa kedi. Tulibeba mifuko ya fimbo za wakubwa na kutafuta mipira iliyopotea majanini, tukapata senti za daftari na mkate. Siku moja bwana mmoja alikosa mpira wake, akatuita mwizi mbele ya wenzake. Mpira ulionekana baadaye, lakini lile neno halikurudishwa. Tukaapa moyoni kwamba mtoto wetu hatakanyaga nyasi zile.

Basi Mungu akatujalia watoto wanne. Wa tatu tulimtia chuo cha ualimu, afuate nyayo zetu. Alisoma mwaka mmoja, akaaga, akaenda Kenya kufanya kazi katika klabu ya gofu. Alianza kwa kukata nyasi. Alipotuarifu, tulimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la parishi. Ikapita miaka sita. Alikuwa akipiga simu na kuzungumza na mama yake. Kwetu sisi ilikuwa salamu, kisha kimya.

Krismasi kifurushi chake kilifika kwa basi. Mama yake alipata kitenge kizuri. Sisi tulipata vitabu vitatu vilivyokwisha kutumika, vya Kiingereza, na vyote vya gofu. Tulitazama majalada, tukasema mbele ya wajukuu kwamba sasa ni watoto wanaowapa baba zao mawe badala ya mkate. Wajukuu walicheka. Mama yao mkubwa hakucheka. Vitabu tukaviweka juu ya kabati.

Mwezi wa Januari goti lilituuma, tukakaa kitini majuma mawili. Magazeti yalipokwisha, tukamwambia mjukuu atushushie kitabu chochote. Ndugu, tutawaeleza tuliyoyakuta, maana Mungu hachagui chombo cha kusemea.

Kwanza, tulifundishwa kushika. Kitabu cha kwanza kiliandikwa na Mmarekani Ben Hogan mwaka 1957, akisaidiwa na mwandishi Herbert Warren Wind. Kina masomo matano, na somo zima la kwanza ni namna ya kushika fimbo. Hakuna mpira unaopigwa humo! Kidole hiki kikae hapa, na kile pale, pamoja na michoro safi sana. Sisi tuliofundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi tulianza kumheshimu mtu huyu, maana mtoto naye hafundishwi kuandika kabla hajajua kushika penseli. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini Hogan anaongeza kwamba mshiko uwe imara na pia uwe hai. Anayeikaba fimbo hukakamaa mikono, na pigo lake huharibika.

Pembeni mwa maneno hayo palikuwa na mstari wa penseli, uliopigwa na mwana wetu. Hakuandika kitu kingine. Tulifunga kitabu, tukakaa kimya. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, Waefeso mlango wa 6, aya ya 4. Aya hiyo tumewafundisha wengine mara nyingi. Kumbe sisi wenyewe tulikuwa tumemshika mtoto kama mtu anavyoshika panga.

Na huyo Hogan aliyejua kushika alijua pia kuachia. Tarehe 2 Februari 1949, huko Texas, katika ukungu, gari lake liligongana na basi uso kwa uso. Kabla ya kugongana aliachia usukani, akajitupa mbele ya mkewe Valerie ili amkinge. Mhimili wa usukani ukapenya kwenye kiti alichokuwa amekalia. Angaling'ang'ania usukani, angalikufa. Alivunjika mifupa mingi, na madaktari walitia shaka kama atatembea tena. Lakini mwezi Juni 1950 alishinda mashindano ya U.S. Open. Sisi Wakristo twalijua fumbo hilo: aing'ang'aniaye nafsi yake huipoteza, Mathayo mlango wa 16.

Pili, tulifundishwa kuhesabu. Kitabu cha pili ni cha Bobby Jones, alichokitoa mwaka 1927 pamoja na O. B. Keeler, akiwa kijana wa miaka 25. Huyu Jones anakumbukwa kwa jambo lililotokea mwaka 1925, katika mashindano ya U.S. Open huko Worcester, Massachusetts. Alipokuwa akijiweka tayari kupiga, mpira wake ulisogea kidogo majanini. Wasimamizi hawakuuona, wala watazamaji. Yeye aliuona, akajiongezea pigo moja, wala hakukubali kushawishiwa vinginevyo. Mashindano yalipokwisha alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane. Wakacheza tena wawili, na Jones akashindwa. Bila pigo lile angalikuwa bingwa. Watu walipomsifu hakupendezwa. Alisema ni sawa na kumsifu mtu kwa sababu hakuiba benki.

Katika gofu kila mtu yu mwaminifu wa hesabu yake. Hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji na filimbi mdomoni. Sisi, ndugu zangu, tulishika kalamu nyekundu miaka mingi tukisahihisha madaftari ya wengine. Makosa ya mwana wetu tuliyahesabu miaka sita. Kosa la yule bwana aliyetuita mwizi tumelihesabu zaidi ya miaka 50, tukamlipisha mtoto ambaye wakati ule hakuwa amezaliwa. Lakini mapigo yetu wenyewe hatukuandika hata moja. Katika Agano Jipya neno la Kigiriki tunalolitafsiri dhambi, asili yake ni kukosa shabaha. Kila Jumapili twaungama kwamba tumekosa, na twaungama kwa haraka, kama watu wanaowahi basi. Jones alisimama juu ya kosa moja dogo, asikubali kuondoka kabla hajaliandika.

Tatu, tulifundishwa kupewa. Kitabu cha tatu ni kidogo, chekundu, cha Harvey Penick, mwalimu wa gofu wa Austin, Texas. Alianza kazi ya kedi akiwa na miaka 8. Hapo tulivua miwani, tukaifuta, tukasoma tena. Kedi! Alibeba mifuko kama sisi, akaipenda kazi, akawa mwalimu, akafundisha mabingwa na watu wasiojua kushika fimbo kwa uvumilivu ule ule. Alipofariki mwezi Aprili 1995, wanafunzi wake Tom Kite na Ben Crenshaw walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Na Jumapili iliyofuata Crenshaw alishinda mashindano ya Masters, akainama akilia. Mwalimu gani asingetamani mwanafunzi wa namna hiyo?

Kwa miaka mingi sana Penick aliandika katika daftari mambo aliyojifunza kwa kufundisha. Alilifungia katika mkoba, na mtu pekee aliyeruhusiwa kulisoma ni mwanawe Tinsley. Mwaka 1992, akiwa mzee wa miaka 87, daftari hilo likawa kitabu kwa msaada wa mwandishi Bud Shrake. Inasimuliwa kwamba mzee alipopata habari ya dola 90,000 za kitabu chake, alikosa raha. Akasema kwamba kwa jinsi alivyokuwa na madeni ya hospitali, hajui atazipata wapi fedha nyingi namna ile. Alidhani yeye ndiye anayetakiwa kulipa!

Tulicheka, kisha tukaona kwamba tunajicheka wenyewe. Nabii Isaya, mlango wa 55, anawaita wenye kiu waje wanunue bila fedha, nasi twajipapasa mifukoni. Twaambiwa tumesamehewa, nasi twauliza ni kiasi gani. Na kwa kuwa twadhani kwamba twamlipa Mungu kila senti, twawadai na wengine kila senti.

Tulipofika jalada la mwisho, tukakuta karatasi. Mwana wetu aliandika: "Baba, huyu naye alikuwa kedi, halafu akawa mwalimu. Siku hizi klabuni nafundisha watoto thelathini. Nawafundisha kama ulivyokuwa ukitufundisha sisi, kushika kwanza. Krismasi njema."

Ndugu wapendwa, tulitaka mtoto wetu awe mwalimu, naye alikuwa mwalimu. Alikuja kwetu akiwa amebeba kile kile tulichokiomba kwa Mungu, nasi hatukumpokea kwa sababu ya nyasi alizosimama juu yake. Na karatasi ile ilikaa juu ya kabati majuma matatu. Penick alimfungulia mwanawe daftari lake. Kwetu ni mwana aliyemfungulia baba, na baba alitaka kufunga.

Jioni ile tulipiga simu sisi wenyewe. Tulimwambia kwamba tulimkosea, na kwamba maneno yale ya miaka sita iliyopita tunayafuta. Kwa muda hatukusikia kitu, tukafikiri simu imekatika. Kisha akauliza, "Baba, umefika ukurasa wa ngapi?" Tukazungumza mpaka salio likaisha. Amesema atakuja Pasaka akipewa likizo. Msimwulize mambo ya chuo, mwulizeni habari za watoto wake thelathini.

Basi, tuingiapo Kwaresima, kila mmoja atazame juu ya kabati lake. Pengine iko Biblia ya kipaimara, ambayo bado imo katika nailoni yake. Pengine ni radhi ambayo jirani alikuja kuomba, tukaipokea kwa mdomo tu. Pengine ni kijana aliyejitolea kuimba au kufundisha watoto wa Jumapili, tukamwambia angoje akue. Zawadi haijapokewa kwa sababu imeingia nyumbani. Hupokewa inapofunguliwa. Na vitabu hivi vyatufundisha jambo moja zaidi, kwamba hata kufungua hakutoshi. Mtu aweza kusoma vitabu vyote vya gofu bila kugusa fimbo, akabaki pale pale. Mtume Yakobo alikwisha kuwaonya wasikiaji wa neno wasiolitenda.

Wala tusitake kutengeneza yote kwa siku moja. Penick aliwaonya wanafunzi wake kwamba mtu akiambiwa ameze kidonge kimoja cha aspirini, asimeze chupa nzima. Chagua mtu mmoja. Legeza mkono uliomkaba. Hesabu kosa lako kabla ya lake. Kisha pokea alichokuletea, hata kama si kile ulichokitaka.

Tunapopiga magoti mbele ya altare, hatumwonyeshi Padre ngumi. Twaweka mkono mmoja juu ya mwingine, wazi, hauna kitu, nasi twapewa. Mikono hiyo hiyo tuirudishe nyumbani ikiwa wazi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja kwetu katika hali tusiyoitazamia, utusamehe zawadi tulizozifungia na watoto tuliowafungia mlango. Utufundishe kushika bila kukaba, kuhesabu bila kudanganya, na kupokea bila kulipa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu