Ufuo ni wa Nani?

Sisi tufundishao Kiswahili Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, twapata taabu kila tufikapo kwenye neno pwani. Neno hilo latokana na kupwa, nalo Ziwa Kivu halipwi wala halijai. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wake wa asubuhi ndio ukingo wake wa jioni. Kwa hiyo wanafunzi huwafundisha kusema ufuo.

Siku moja tulitembea nao katika njia iliyosakafiwa ifuatayo ufuo huo kuelekea mpakani. Mkono wa kushoto lilikuwapo ziwa. Mkono wa kulia, nyumba za zamani na hoteli. Mbele yetu kizuizi, na ng'ambo yake mji wa Goma. Hapo mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, njia hii ni ya nani?"

Jibu jepesi ni kwamba njia ni ya serikali. Lakini swali halikuishia hapo. Katika pwani ya bahari, mahali palipopwa hupitwa na mvuvi, na mwokota chaza, na mtoto achezaye. Hakuna ajengaye pale, kwa kuwa maji yatarudi. Bahari yenyewe huwakatalia watu kupamiliki. Kwetu ziwani mambo ni mengine: mwenye uwezo aweza kujenga mpaka majini, jirani yake akakosa pa kutia mguu. Basi mahali pa wote hapakuletwa na maumbile, bali na watu walioamua kupaacha wazi. Njia ya ufuoni ni tendo la uadilifu kabla ya kuwa kazi ya mawe na saruji.

Huenda msomaji akasema: kama ni ya wote, mbona inakomea kizuizini? Mpaka huu wa Kivu uliwekwa na Wajerumani na Wabelgiji kwa mapatano ya mwaka 1910. Hatusemi kwamba mipaka haina kazi. Nchi isiyo na sheria haina amani. Hata hivyo, tukumbuke nani wamepita hapa. Julai 1994 malaika ya watu walivuka kutoka Rwanda kwenda Goma. Tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikuja Gisenyi kwa miguu, watoto migongoni. Mwenyeji wa mwaka mmoja alikuwa mkimbizi wa mwaka mwingine.

Kwa hiyo tulimjibu mwanafunzi wetu hivi: njia ni amana. Siku za raha tunaishika sisi tuitembeao jioni. Siku ya msiba ni ya yule aliye na haja nayo kuliko wengine. Ajidhaniaye kuwa mwenyeji daima hajaijua historia ya ufuo huu.

Tulipokuwa tukirudi, mama mmoja aliyetoka ng'ambo na mzigo kichwani alitupita. Wanafunzi wakamwamkia, naye akawajibu kwa Kiswahili kile kile, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda pia. Walimu wenzetu, tuwafundishe vijana tofauti ya pwani na ufuo; lakini tusiwaache kabla hawajajiuliza watampisha nani.