Deni la Sauti

Mali ya mtu ni ipi, na urithi wa watu ni upi? Swali hili la kale limepata sura mpya katika muziki uitwao jungle, uliozaliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa wana wa wahamiaji wa Jamaika. Waliichukua besi nzito ya rege ya wazazi wao, wakaifunga pamoja na ngoma za haraka zilizokatwakatwa kwa mashine. Jungle Revolution, santuri ya Congo Natty ya mwaka 2013, ni tunda la ndoa hiyo.

Kipande cha ngoma kilichotumika mno hakizidi sekunde saba. Alikipiga Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, Marekani, mwaka 1969. Kimenakiliwa katika nyimbo zaidi ya elfu. Coleman alifariki mwaka 2006 katika ufukara, bila ya kulipwa kitu kwa ajili yake. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga zaidi ya pauni 20,000, wakampa Richard Spencer, kiongozi wa kundi.

Yuko atakayesema kuwa sauti ni kama moto: jirani akichukua kijinga, jiko la mwenyewe halipoi. Ni kweli, walakini aombaye moto hubisha hodi kwanza. Rege vijana wale waliirithi. Ngoma za Coleman waliziokota. Arithiye huwajibika kutunza, na aokotaye huwajibika kumtafuta mwenyewe. Kwa hiyo mchango ule haukuwa sadaka. Ulikuwa deni lililolipwa kwa kuchelewa, na kwa mpiga ngoma halikulipwa kamwe.