JUMANNE: Atandikaye Nyasi

Soma Yohana 4:35–38. Yesu aliwaambia nini wanafunzi wake kuhusu mavuno ambayo jasho lake lilikuwa la wengine?

Katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima ngolo. Mwezi Machi nyasi zilizofyekwa hupangwa mteremkoni kwa mistari inayokatizana, zikafanya miraba. Katikati ya kila mraba huchimbwa shimo, na udongo wake huzifunika nyasi. Mvua hutuama shimoni, isiuteremshe udongo kuelekea mitoni na Ziwa Nyasa. Maharage hupandwa kwanza. Mahindi huja msimu wa mvua unaofuata, yakilishwa na nyasi zilizooza.

Fikiria sasa klabu ya bustani katika shule ya msingi huko. Mtoto wa darasa la saba anayetandika nyasi Machi humaliza shule Septemba. Maharage atayaonja, mahindi watavuna wengine. Afadhali mwalimu amwambie mapema. (Watoto huupokea ukweli kuliko watu wazima wanavyodhani.) Naye amwonyeshe pia udongo aliyoukuta, uliotunzwa na waliomtangulia.

Ni mtoto yupi wa Shule ya Sabato mliyemfundisha, akahama kabla hamjaona tunda lolote? Mtamwombea leo kwa jina lake?