Faida inayojulikana kabla ya biashara: Ni faida au ni riba?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mtumishi anapostaafu na kulipwa kiinua mgongo, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia anunue daladala, mwingine ajenge vyumba vya kupangisha. Wa tatu atamwambia: "Mzee, usihangaike. Zifunge benki katika amana ya muda maalumu, ukae nyumbani ule faida." Mjane aliyepata mirathi naye huambiwa hivyo hivyo. Hata kamati za misikiti zenye fedha za ujenzi zisizotosha kuanza msingi hushawishika na maneno haya.

Kwa kuwa suala hili linagusa jasho la miaka 30 na fedha za Nyumba ya Allah, si vyema tukalijibu kwa neno moja la "haramu" kisha tukaenda zetu. Hebu tuifungue hesabu yenyewe.

Chukua mfano wa shilingi milioni 10 zilizowekwa kwa mwaka mmoja kwa asilimia 10. Benki itaandika katika hati kwamba siku ya kuiva utapokea milioni 11. Ukiacha fedha hizo zijirudie mwaka hadi mwaka kwa kiwango hicho hicho, baada ya miaka mitano zitakuwa shilingi 16,105,100, kwani kila mwaka nyongeza nayo huzaa nyongeza. Kuna na njia ya mkato: gawa 72 kwa kiwango cha asilimia, utapata takriban miaka ambayo fedha zitachukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 10 ni kama miaka saba na kidogo.

Hesabu ni rahisi, mtoto wa sekondari anaiweza. Na hapo ndipo penye swali. Imekuwaje tuijue faida ya mwaka wa tano hali ya kuwa hakuna anayejua kama mvua zitanyesha, kama korosho zitapata bei au kama duka la mkopaji litanusurika na moto? Mfanyabiashara gani hapa duniani anayeijua faida yake kabla hajafungua duka?

Jibu ni kwamba hapo hapana biashara baina yako na benki. Kuna mkopo. Ingawa tunaiita "amana", amana ya kisheria ni kitu unachomwekea mtu akakihifadhi bila kukitumia. Benki inazitumia fedha zako, na inawajibika kukurudishia hata kama imepata hasara. Huyo ni mdaiwa wako, na wewe ni mkopeshaji uliyeshurutisha nyongeza. Mafakihi wameshaweka kanuni kuwa mkopo ulioshurutishiwa manufaa ni riba. Na katika Suratul Baqarah, aya ya 275, Allah (SW) amewajibu wale waliodai kuwa biashara na riba ni kitu kimoja: biashara ameihalalisha, riba ameiharamisha. Aya za 278 na 279 zinaamrisha kuacha riba iliyobakia, na asiyeacha ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Ni dhambi ngapi nyingine zilizotajwa kwa ukali wa namna hii?

Wapo watakaosema kuwa wanazuoni wamekhitalifiana. Ni kweli, na si vyema kuficha. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akiwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu hati za uwekezaji zinazotolewa na benki nchini humo. Mwaka 2002 Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar, naye akiwa Sheikh wa Al-Azhar, likaruhusu faida iliyopangwa kabla. Lakini baraza hilo hilo, katika mkutano wake wa mwaka 1965, lilikuwa limetamka kuwa riba ya mikopo yote ni haramu. Na Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokusanya wanazuoni wa nchi nyingi mjini Jeddah, lilitoa uamuzi kuwa nyongeza inayoshurutishwa tangu mwanzo wa mkataba ni riba. Huo ndio msimamo wa wengi. Je, mtu mwenye akili ataijengea uzee wake juu ya kauli yenye mgogoro wa namna hii?

Hoja nyingine ni mfumuko wa bei: kwamba nyongeza ile inalinda tu thamani. Hebu tuirudie hesabu. Tanzania, nyongeza hiyo hukatwa kodi ya asilimia 10, hivyo katika milioni moja unabakiwa na laki tisa. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Katika mwaka kama huo, shilingi 10,900,000 zako zinanunua kile ambacho mwaka uliotangulia kingenunuliwa kwa kama milioni 9.1. Ameingia katika riba, na thamani bado imeondoka! Na mwaka ambao bei zimetulia, nyongeza inabaki pale pale. Basi haikuwekwa kufidia bei.

Uislamu haukutaka fedha zilale. Sayyidna Umar (RA) aliusia mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na Zaka. Mtume (SAW) kabla ya Utume alisafiri Sham na mali ya Bi Khadija (RA), yeye akitoa kazi na mwenye mali akitoa mtaji. Huo ndio mfano wa mudharaba, na ndio msingi wa akaunti za uwekezaji katika benki za Kiislamu. Kenya zimekuwapo tangu 2008, na Tanzania Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011.

Humo hesabu inakwenda hivi. Milioni 10 zako zinaingia katika mfuko wa, tuseme, bilioni moja. Mkataba umesema faida igawanywe 60 kwa mteja na 40 kwa benki. Biashara ikileta faida ya milioni 120, fungu lako ni asilimia moja, yaani 1,200,000. Wewe unachukua 720,000 na benki 480,000. Faida ikiwa milioni 50, utapata 300,000. Ikikosekana, hupati kitu. Na ikiwa hasara isiyotokana na uzembe wa benki, mtaji wako ndio unaobeba. Unaweza kukadiria kwa kutazama miaka iliyopita, lakini huwezi kuahidiwa. Baina ya kukadiria na kuahidiwa ndipo ulipo mpaka wa halali na haramu.

Kwa hiyo usidanganyike na jina wala kanzu ya meneja. Uliza: Je, mgao ni wa faida au ni asilimia ya mtaji wangu? Je, mtaji umedhaminiwa? Fedha zinaingia katika biashara gani? Ukiona umeahidiwa asilimia maalumu ya mtaji, ujue ni riba iliyovalishwa kilemba.

Na kwa ambaye hati yake tayari iko benki, mlango wa toba haujafungwa. Aya ya 279 imempa haki ya rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Akiambiwa kuwa akivunja mkataba kabla ya muda atapoteza ile nyongeza, asihuzunike, kwani anapoteza kisichokuwa chake. Na ile aliyokwisha kuipokea, wanazuoni wengi wanasema aitoe kwa wenye shida bila kutaraji thawabu ya sadaka, kwa kuwa anajisafisha tu.

Ndugu zangu, hesabu ya benki inaishia siku hati inapoiva. Yetu inaendelea hadi Siku ambayo kila mtu ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Kabla hujatia saini, ziweke hesabu zote mbili mezani.

Wabillahi Tawfiq.