Mkristo Aliyefikia Shauri la Talaka
Mathayo 19:3-9, 1 Wakorintho 7:10-15

Maneno ya Bwana Yesu juu ya ndoa mwayajua, maana husomwa mbele ya madhabahu siku za arusi. Hatuyapunguzi. Lakini katika sharika zetu wamo watu ambao nyumba zao zimekwisha kuvunjika. Tukiwasomea maneno hayo tu, kisha tukanyamaza, watakwenda kutafuta shauri kwa mtu wa kwanza atakayewaonea huruma, au atakayejifanya kuwaonea.

Martin Luther, alipoandika juu ya mambo ya ndoa mwaka 1530, alifundisha kwamba kuyaamua mashauri hayo ni kazi ya serikali. Kazi ya mchungaji ni kuzishauri dhamiri za watu. Basi tusione haya kueleza jinsi sheria ya nchi ilivyo.

Katika Tanzania Bara ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo haimwachi mtu akimbilie mahakamani. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila idhini ya mahakama. Tena shauri lipelekwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane alipo. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, na hati iliyopita miezi 6 haifai tena kufungulia shauri. Mbele ya baraza hilo wakili hasimami badala ya mtu. Nasi twaona ni vema, maana hapo wawili hao husema kwa vinywa vyao wenyewe, na mara nyingine ndiyo mara ya kwanza kusikilizana tangu miaka mingi. Lakini mke aliyepigwa asilazimishwe kurudi kupigwa kwa jina la msamaha. Wazee wanaofanya hivyo hawapatanishi.

Sasa juu ya wakili. Aliye stadi wa mashauri ya ardhi si lazima awe stadi wa ndoa, aulizwe. Jina lake liwe katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu, na cheti chake cha mwaka huu kiwepo. Ujira upatanwe kwa maandishi, kila malipo yapewe stakabadhi. Asiyeweza kulipa asikate tamaa, kwa kuwa iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wako wasaidizi wa kisheria. Mwambie wakili yote, hata dhambi zako, kama umwambiavyo mganga ugonjwa wako; usipomwambia, atayasikia kwa mpinzani wako siku ya shauri. Naye anayekuapia kwamba utashinda, au kukushauri uuze ng'ombe kabla mwenzako hajajua, mkimbie. Huyo auza hasira yako.

Wengi wetu, hasa akina mama, hudhani kwamba shamba lililoandikwa jina la mume halina sehemu yao. Sivyo. Mahakama huangalia kila mmoja alichangia nini. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango pia. Mama huyo mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa alikwisha kupewa fedha akazitapanya, lakini neno lililoamuliwa limewafaa wengi baada yake. Kwa hiyo stakabadhi za mabati na saruji zitunzwe, na majina ya mashahidi walioona jinsi nyumba ilivyojengwa yaandikwe.

Watoto hawagawanywi kama mbuzi. Sheria hutazama kwanza faida yao, na mtoto chini ya miaka 7 hudhaniwa afaa kukaa na mamaye mpaka ithibitishwe vingine. Wasitumwe kupeleka maneno ya ugomvi kati ya baba na mama.

Neno moja kwa wachungaji. Mahakama hutaka ithibitishwe kwamba ndoa ilikuwapo. Mara nyingi cheti kimepotea, au mmoja amekificha. Akija mtu kuomba nakala kutoka kitabu chetu cha ndoa, asizuiwe kama kwa adhabu. Mpeni, mkampe na kiti, mkamwulize anakula nini na analala wapi.