Kiti cha Mtu Anayeondoka

Je, mtu asiyejua kesho atalala wapi ana wajibu wa kutengeneza kitu cha kudumu?

Mimi ni seremala. Nilipovuka kutoka Uvira niliishia Buyenzi, hapa Bujumbura, maana huko Kiswahili ndicho lugha ya barabarani. Mzee mmoja mwenye karakana alinipa randa siku ya tatu, kama mgeni wa methali anavyopewa jembe.

Siku moja akaja mama mmoja, mkimbizi kama mimi, akitaka viti vinne vya mezani. Nikamweleza: mguu ukichongwa ulimi ukaingia kwenye tundu, gundi ikauka usiku mzima, kiti hakitikisiki. Akacheka. "Mwanangu, piga misumari tu. Mimi naondoka, jina langu liko kwenye orodha."

Nikapiga misumari, nikaifunika kwa vanishi. Miaka mitatu imepita. Yeye bado yuko, viti ndivyo vimeondoka.

Nilijitetea: si yeye aliyechagua? Lakini mimi ndiye niliyejua.

Baadaye mfanyakazi wa shirika moja alinionyesha kwenye simu picha ya kiti cha Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder, Denmark. Alikichora mwaka 1949 na hadi leo kinatengenezwa. Mahali pa kukalia pamesukwa kwa mkono, kamba ya karatasi kama mita 120. Karatasi, jamani! Kamba hiyo ilishika wakati wa vita, vifaa vilipokuwa haba. Kumbe uhaba si lazima uzae kazi mbovu.

Utasema: Wegner alikuwa kwao, sisi tunapita tu. Kweli, na tumbo halisubiri gundi ikauke. Lakini sikiliza lugha yetu. Unakaa kwenye kiti, unakaa mjini: neno ni moja. Anayesubiri naye anakaa, na siku za kusubiri zinahesabiwa kwenye umri wake kama zile nyingine. Na hata yule mama angeondoka, viti havipandi ndege. Jirani angevirithi, pamoja na misumari yangu.

Siku hizi mteja akisema anaondoka, namwuliza: baada yako atakaa nani? Wengine hukasirika, wanaenda karakana ya pili. Hiyo ni hasara yangu, na kuna jioni inaniuma. Ila sijafunika tena msumari kwa vanishi. Anayetaka misumari namwonyesha kila mmoja ulipo, halafu aamue mwenyewe.